F-117: Umbo Lililozaliwa na Hesabu

Tarehe 10 Novemba 1988 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa picha moja, tena yenye ukungu, ya ndege ya kivita iliyokuwa imeruka kwa siri kwa zaidi ya miaka 7. Waliozijua ndege walipigwa na butwaa. Mwili mzima ulikuwa vipande bapa vilivyokutana kwa pembe kali, bila ule mviringo ambao hewa huupenda. Hadi leo wako wanaoamini kuwa hilo ndilo umbo bora kuliko yote la kukwepa rada. Ukweli unavutia zaidi: lilikuwa umbo ambalo kompyuta za wakati ule ziliweza kulipigia hesabu.

Msingi wa hesabu hiyo uliwekwa Moscow. Mwaka 1962 mwanafizikia Pyotr Ufimtsev alichapisha kitabu kuhusu jinsi mawimbi yanavyotawanyika yanapogonga kingo za kitu. Kiliuzwa bila kufichwa, na mwaka 1971 Jeshi la Anga la Marekani likakitafsiri. Kilimfikia Denys Overholser, mtaalamu wa hesabu wa kampuni ya Lockheed, naye akaona mlango. Ndege ikigawanywa kuwa bapa chache, mwangwi wa rada wa kila bapa na kila ukingo unaweza kukokotolewa peke yake, kisha yote ikajumlishwa. Bapa hizo zikiinamishwa vizuri, mawimbi hurushwa pembeni, na yanayorudi kwa aliyeyatuma huwa machache mno. Programu yake ya mwaka 1975 iliitwa Echo 1.

Mchoro uliotoka humo ulichekwa kiwandani. Wakauita almasi isiyo na matumaini. Kelly Johnson, mwasisi wa karakana ya siri ya Lockheed, aliwekeana dau la senti 25 na mrithi wake Ben Rich kwamba chombo chake cha zamani, D-21, kingekuwa na mwangwi mdogo zaidi. Vielelezo vikapimwa, Johnson akalipa. Mwaka 1976 Lockheed iliishinda Northrop katika shindano la serikali.

Ndege mbili za majaribio, zilizoitwa Have Blue, zilijengwa. Ya kwanza iliruka Nevada tarehe 1 Desemba 1977, rubani akiwa Bill Park. Umbo lile halikutaka kutulia hewani, hivyo kompyuta zilikaa kati ya rubani na mabawa, zikiisawazisha ndege muda wote. Zote mbili zilianguka, mwaka 1978 na 1979, ingawa marubani walinusurika. Rich amesimulia kwamba safari moja ndege ilionekana waziwazi kwenye rada, na chanzo kikawa skrubu tatu ambazo hazikukazwa hadi mwisho. Kisa hicho kinanionyesha, kuliko maelezo yoyote ya kitaalamu, jinsi kazi ile ilivyodai uangalifu.

F-117 yenyewe iliruka tarehe 18 Juni 1981. Mikia iliyoinamia ndani kwenye Have Blue sasa ilitanuka nje kama herufi V. Wavu wenye matundu madogo uliziba njia za hewa ili rada isizione injini, na moshi ulitokea kwenye mianya myembamba ili joto lipoe upesi. Gharama yake haikuwa ndogo: ndege haikuipita kasi ya sauti, wala haikubeba rada yake yenyewe.

Northrop nayo haikukata tamaa. Ndege yake ya majaribio, Tacit Blue, iliyoruka mwaka 1982, ilionyesha kuwa mikunjo laini inaweza kujificha vilevile, na B-2 ya mwaka 1989 ikafuata njia hiyo. Kompyuta zilikuwa zimepata nguvu ya kukokotoa mviringo. Ndiyo maana F-22, ambayo mfano wake wa awali uliruka mwaka 1990, imechanganya mikunjo na kingo zilizopangwa sambamba, na inaipita kasi ya sauti bila shida.

F-117 iliendelea kutumika, pamoja na mipaka ya hesabu zilizoiunda. Zilifaa dhidi ya mawimbi mafupi, si marefu. Tarehe 27 Machi 1999, nchini Serbia, kikosi cha makombora kilichoongozwa na Zoltán Dani kiliitafuta kwa rada ya Kisovieti ya P-18, ambayo mawimbi yake yana urefu wa karibu mita 2, kisha kikaiangusha kwa kombora la S-125, silaha iliyobuniwa kabla Echo 1 haijaandikwa. Rubani aliokolewa. Sehemu za mabaki zimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Usafiri wa Anga la Belgrade.