Kompresa ya kupakia rangi gari: Usidanganywe na ukubwa wa tangi

MTU anayetaka kupaka rangi gari lake nyumbani akiingia katika duka la vifaa, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au kwingineko, huonyeshwa kwanza ukubwa wa tangi la kompresa na nguvu ya mota yake. Mambo hayo mawili yana umuhimu wake, lakini hakuna hata moja linalojibu swali la msingi: je, mashine hiyo itaipatia bunduki ya rangi hewa ya kutosha mpaka boneti yote iishe?

Kukosea katika uchaguzi huu ni gharama. Hewa inapopungua katikati ya kazi, rangi haitoki tena kama ukungu laini. Hutoka kwa matone mazito, na ikikauka huwa na mabonde madogo mfano wa ganda la chungwa. Kinachofuata ni kupiga msasa, kununua rangi upya na kuanza tena.

Kiasi cha hewa kwanza

Kompresa ya fundi pancha hufanya kazi kwa vipindi vifupi. Hujaza tairi moja, kisha hupumzika hadi mteja mwingine afike. Kupaka rangi ni tofauti kabisa, kwani mgandamizo unaotakiwa ni mdogo, lakini hewa lazima itiririke bila kukatika.

Bunduki nyingi za kisasa za aina ya HVLP, zinazotumia hewa nyingi kwa mgandamizo mdogo, huhitaji takriban bar 2 tu zinapoingiza hewa. Hata hivyo, nyingi hutumia kati ya lita 250 na 400 za hewa kwa dakika, yaani futi za ujazo 9 hadi 14, kipimo kinachoandikwa CFM. Bunduki ndogo za kurekebishia sehemu iliyokwaruzwa hutumia hewa kidogo zaidi, mara nyingi chini ya lita 200 kwa dakika.

Kwa hiyo, mnunuzi anashauriwa kuchagua bunduki kwanza, asome kiasi cha hewa inachohitaji, ndipo atafute kompresa inayozidi kiasi hicho, angalau kwa robo.

Mtego wa kibandiko

Hapa ndipo wengi hunasa. Namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa juu ya mashine mara nyingi ni kiasi cha hewa ambacho pistoni ingevuta kwa hesabu tu, si kile kinachotoka. Kutokana na joto na uvujaji ndani ya silinda, hewa inayotoka hasa huwa karibu theluthi mbili ya namba hiyo. Kipimo cha kuulizia ni kile kinachoandikwa FAD, na kiwe kimetolewa pamoja na mgandamizo wake.

Mfano unaonyesha tofauti hiyo. Kompresa ya HP 2 yenye tangi la lita 50 inaweza kuandikwa lita 200 kwa dakika, ilhali inatoa lita 130. Tangi lake likishuka kutoka bar 8 hadi bar 4, hutoa hewa ya akiba kiasi cha lita 200. Ikifungwa bunduki inayotumia lita 300 kwa dakika, upungufu ni lita 170 kila dakika, na akiba hiyo huisha katika sekunde 70 hivi.

Tangi la lita 200 lingeongeza muda huo hadi karibu dakika tano, lakini mashine ile ile ingehitaji zaidi ya dakika sita kulijaza tena. Tangi kubwa huchelewesha tatizo, haliliondoi.

Anayenunua mashine iliyokwishatumika anaweza kuipima mwenyewe dukani kwa saa ya mkononi. Bomba la kutolea hewa likiwa limefungwa, ahesabu muda ambao geji inapanda kutoka bar 4 hadi bar 8. Ujazo wa tangi kwa lita ukizidishwa mara nne, kisha ukigawanywa kwa dakika zilizotumika, hupatikana makadirio ya lita zinazotolewa kwa dakika. Aidha, ahakikishe vali ya usalama inafanya kazi, na asinunue tangi lenye kutu au lililoungwa kiraka, kwa sababu linaweza kupasuka.

Umeme wa nyumbani

Kwa kawaida, kompresa nzuri ya pistoni hutoa takriban lita 100 kwa dakika kwa kila HP 1. Maana yake ni kwamba bunduki kubwa ya HVLP huhitaji mota ya HP 3 au zaidi. Mota ya HP 3 ni kilowati 2.2, na ikifanya kazi huvuta umeme unaokaribia kikomo cha plagi ya kawaida ya ampea 13. Wakati wa kuwaka huvuta mara kadhaa zaidi. Ni vyema fundi umeme aiwekee laini yake.

Vile vile, ni afadhali kurefusha mpira wa hewa kuliko kurefusha waya wa umeme. Waya mwembamba na mrefu hupunguza umeme unaoifikia mota na huweza kuiunguza. Mpira uwe na uwazi wa ndani wa milimita 10, kwani mwembamba huinyima bunduki hewa.

Kompresa zisizotumia mafuta ni nyepesi, lakini zina kelele, na nyingi huchakaa mapema zikitumika mfululizo. Kwa kazi ya rangi, ile yenye mafuta, silinda mbili na inayozungushwa kwa mkanda hudumu zaidi.

Adui anayeitwa maji

Hewa ya mwambao ina unyevu mwingi. Ikishindiliwa hupata joto, na ikipoa hugeuka maji ndani ya tangi na mpira. Tone moja la maji au mafuta likifika kwenye rangi huacha kishimo kisichofichika. Chujio la maji lifungwe mbali kidogo na mashine, mahali ambapo hewa imekwisha kupoa, na tangi litolewe maji kila siku ya kazi.

Afya na moto

Rangi na vanishi za kuchanganywa na hadina mara nyingi zina kemikali ziitwazo isosayaneti, ambazo huweza kusababisha pumu ya kudumu. Kitambaa au barakoa ya vumbi haizizuii. Wataalamu hutumia barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Asiye nayo asizipulize nyumbani, bali aiachie karakana hatua hiyo. Hata rangi zisizo na hadina zinahitaji barakoa yenye chujio la mkaa na mahali penye hewa ya kutosha.

Mvuke wa thina nao hushika moto kwa cheche ndogo ya mota. Kompresa iwekwe nje ya eneo la kupakia rangi, upande unakotoka upepo.

Mwenye kompresa ndogo hana sababu ya kukata tamaa. Anaweza kutumia bunduki ndogo na kupaka bampa leo na mlango kesho, akiisubiri mashine ijaze. Lakini paa na boneti havikubali kusimama katikati. Kwa kazi hiyo, kukodi kompresa kubwa kwa siku moja huwa nafuu kuliko kununua rangi mara mbili.