Kabla ya Dawa Kulikuwa na Karai

Dani ndiye aliyenifunza kumwosha nywele akiwa amelala kitandani. Ilikuwa baada ya kiharusi, nyumbani kwake karibu na Rongo, Migori, na mimi ndiye mjukuu ambaye hakuwa na kazi wala chuo cha kurudi. Nilikuwa nimetazama video mbili tatu. Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Nyakwara, weka hiyo simu chini. Leta nailoni."

Nailoni unaikunja kingo ziwe kama mfereji, unaiweka chini ya kichwa, na ncha yake inashukia kwenye karai sakafuni. Taulo iliyokunjwa inakaa chini ya shingo. Maji ya uvuguvugu unayapima kwa kiwiko, unamimina kidogo kidogo kwa kikombe. Unasugua kwa ncha za vidole, si kwa kucha. Halafu unakagua kisogo, maana anayelala siku nzima hupata vidonda hata pale.

Nikamwuliza alijulia wapi. "Kwa shangazi yako," akasema.

Kumbe karai lile lina historia. Kisa cha kwanza cha ukimwi nchini kilitambuliwa 1984, lakini miaka ya tisini ndiyo iliyozoa watu huku. Migori na Homa Bay zilikuwa wilaya changa, zimemegwa kutoka South Nyanza. Madaktari Wasio na Mipaka walianza kazi Homa Bay 1996. Rais Moi alitangaza ukimwi janga la kitaifa 1999. Hospitali ya Homa Bay ikaanza kutoa ARV bure 2001, miongoni mwa hospitali za kwanza za umma Kenya. Mwongozo wa kitaifa wa kumtunza mgonjwa nyumbani ukatoka 2002.

Shangazi alilala kitandani 1998, miezi mitano. Nywele zake zilikuwa zimekuwa nyembamba na laini, zimenyooka, mba imejaa. Siku hizo kijiji kilisoma ugonjwa kichwani kabla daktari hajautaja. Wengine waliuita chira, malipo ya kuvunja mwiko. Wengine waliogopa hata kikombe chake. Kumwosha mtu kichwa hakuambukizi virusi, lakini nani alikuwa amewaambia? Nesi mmoja alimwonyesha Dani ile nailoni, mara moja tu. Dani akafanya hivyo kila Jumamosi.

"Si ungemnyoa tu?" nikauliza.

Akanyamaza kidogo. Kwetu Wajaluo kuna liedo, wafiwa kunyolewa baada ya mazishi. "Kunyoa ni kwa wafiwa," akasema. "Mimi nilikuwa bado sijafiwa."

Sisemi karai lingemponya. ARV zingefika miaka mitatu mapema, labda shangazi angekuwa ndiye anayemwosha mamake leo. Ila ukisoma hii stori ya ukimwi Nyanza, utapata dawa, wafadhili na tarehe. Ile miaka ya katikati, mgonjwa alipokuwa nyumbani akingoja dawa ambazo hazijaja, ilibebwa na mama, wake na dada, bila glavu, bila mshahara. Hakuna mwongozo uliowafunza. Uliwakuta kazini.

Nilimkausha Dani, nikamchana kuanzia ncha, nikampaka mafuta kidogo. Akaniambia maji ya mwisho yalikuwa yamepoa.

Jumamosi ijayo nitachemsha sufuria mbili.