Eabegi ya Ndai Hufanya Kazi Aje, na Kwa Nini Joto la Mombasa Linafaa Kukushtua

Ndai nyingi za mtumba kutoka Japani hushukia hapa hapa Kilindini, na kwa usukani ziko na herufi SRS. Madere wengi huziona kila siku bila kujua hapo chini kuna nini. Ni eabegi: mfuko wa nailoni uliokunjwa vizuri, ukingoja siku mbaya.

Inafura aje?
Ukigonga kitu kwa nguvu, sensa zinashtukia vile ndai imesimama ghafla na kuambia kompyuta ndogo. Kompyuta inatuma stima, kemikali inawaka, gesi inajaza mfuko. Yote yanaisha chini ya sekunde 0.1. Nyuma ya mfuko kuna matundu, so kichwa kikitua, gesi inatoka na unapunguzwa mwendo pole pole badala ya kula usukani.

Mkanda kwanza, msee
SRS maanake ni mfumo wa ziada, msaidizi wa mkanda. Eabegi inaweza kufumuka kwa kasi ya kilomita 300 kwa saa. Bila mkanda unarushwa mbele na kuikuta bado inafura, na hiyo inaumiza vibaya. Kaa kama sentimita 25 kutoka usukani. Watoto wakae nyuma.

Sasa hili joto letu
Eabegi za Takata ya Japani zilitumia kemikali inayoitwa amonia naitreti. Ikipigwa na joto na unyevu miaka mingi, inaharibika. Siku ya ajali inalipuka kupita kiasi, kopo lake la chuma linapasuka na vipande vinarushiwa walio ndani. Watu walikufa. Mamilioni ya ndai, zikiwemo Honda na Toyota, ziliitwa zibadilishwe, na Takata ikafilisika 2017. Joto na unyevu? Hapo ni Mombasa kabisa.

Kabla utoe pesa
- Chukua namba ya chesisi, icheki kwa tovuti ya kampuni iliyotengeneza ndai uone kama iliitwa.
- Washa swichi: taa ya eabegi iwake sekunde chache kisha izime. Ikibaki imewaka, mfumo una shida. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameificha.
- Eabegi hutumika mara moja tu. Ikishalipuka, inabadilishwa. Ukiona kava ya usukani imeshonwa ama kubandikwa gundi, uliza maswali, ama uachane na hiyo ndai.