Matumizi ya mafuta ya saluni kubwa za zamani

Matumizi ya mafuta ya saluni kubwa za zamani ni kiasi cha petroli kinachochomwa na magari ya starehe ya milango minne, yenye injini za cc 2,000 hadi 3,500, yakiwa yameshatumika kwa miaka mingi. Nchini Tanzania magari hayo ni hasa Toyota Crown, Mark II, Mark X, Brevis na Verossa yaliyoagizwa kutoka Japani yakiwa yametumika, pamoja na Mercedes-Benz na BMW. Kipimo cha kawaida ni kilomita kwa lita: namba ikiwa kubwa, gari halili sana mafuta.

Gari lililozeeka haliwezi kufanywa litumie mafuta kidogo kuliko lilivyotumia likiwa jipya. Linaweza kurudishwa karibu na hapo, na pengo kati ya hali yake ya leo na ile ya kiwandani ndilo ambalo mwenye gari anaweza kuliziba.

== Magari yenyewe ==

Mark II nyingi za mfululizo wa GX100 (1996–2000) na GX110 (2000–2004) zina injini ya 1G-FE, yenye silinda sita na cc 1,988. Brevis ilitengenezwa kuanzia mwaka 2001 hadi 2007 ikiwa na injini ya 1JZ-FSE ya cc 2,491 au 2JZ-FSE ya karibu cc 3,000. Mark X iliichukua nafasi ya Mark II mwishoni mwa 2004, na inayoonekana zaidi barabarani ni ile ya 4GR-FSE, cc 2,499. Injini zenye herufi FSE humwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Mafundi huziita D-4.

Magari haya hupendwa kwa sababu yanatulia barabarani, yana nafasi, na bei yake Japani hushuka haraka. Ushuru wa forodha hulipwa mara moja, lakini mafuta hununuliwa kila wiki. Zamani mwenye gari alilipa pia ada ya mwaka ya leseni ya gari iliyopangwa kwa ukubwa wa injini. Ada hiyo ilifutwa katika bajeti ya mwaka 2017/18 na badala yake ushuru wa mafuta ukaongezwa shilingi 40 kwa lita. Tangu hapo mwenye injini kubwa hulipia ukubwa wake pale pale kwenye pampu.

Bei ya kikomo ya petroli hutangazwa na EWURA kila mwezi. Mwaka 2022 ilivuka shilingi 3,000 kwa lita, na kwa kawaida Mwanza huwa juu ya Dar es Salaam kwa sababu ya gharama ya kusafirisha mafuta kutoka bandarini. Tuchukue mfano wa mtu anayetembea kilomita 1,200 kwa mwezi. Gari likienda kilomita 7 kwa lita atanunua lita 171. Likienda kilomita 9 atanunua lita 133. Tofauti ni lita 38. Kwa bei ya shilingi 3,000 ni shilingi 114,000 kila mwezi, fedha ambazo kwa mstaafu au mzazi mwenye wanafunzi si za kupuuzwa.

== Kupima ==

Watu wengi hukadiria kwa mshale wa dashibodi au kwa kusema "naweka ya elfu ishirini inakaa siku mbili". Hicho si kipimo. Njia sahihi ni kujaza tangi hadi pampu ijikate yenyewe, kurudisha tripu kwenye sifuri, kutembea si chini ya kilomita 300, kisha kujaza tena kwenye pampu ileile hadi ijikate. Kilomita zilizotembewa hugawanywa kwa lita zilizoingia mara ya pili. Gari likitembea kilomita 312 na kuingia lita 39, jibu ni kilomita 8 kwa lita.

Kwa mkazi wa Mkolani, safari ya kwenda Shinyanga na kurudi inatosha kwa kipimo cha barabara kuu. Kipimo cha mjini kinahitaji wiki nzima au zaidi na kiandikwe kando, kwa sababu namba mbili hizo hazifanani hata kwa gari zima kabisa. Matairi yenye kipenyo tofauti na ya kiwandani huharibu hesabu, maana kihesabu cha kilomita hakijui kwamba yamebadilishwa.

Takwimu za Japani nazo zisomwe kwa tahadhari. Mark X ya cc 2,500 iliandikiwa karibu kilomita 12 kwa lita kwa jaribio lililoitwa 10-15, lililofanywa maabara, kwenye mwendo usiozidi kilomita 70 kwa saa, bila mlima na bila kiyoyozi. Anayetarajia namba hiyo kati ya Mkolani na katikati ya jiji atamlaumu fundi bure.

== Thamostati ==

Katika gereji nyingi za Afrika Mashariki kuna desturi ya kuitoa thamostati kwa hoja kwamba "nchi yetu ni ya joto, hii ni ya Wazungu". Katika makosa yote yanayofanyiwa saluni hizi, hili ndilo linalostahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu hufanywa kwa nia njema na gharama yake haionekani.

Thamostati ni mlango mdogo unaozuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta mpaka yafike joto fulani, ambalo kwa injini nyingi za Toyota ni takribani nyuzi 82 za Selsiasi. Kazi yake ni kuifikisha injini haraka kwenye joto lake la kazi na kuibakiza hapo. Ikitolewa, maji huzunguka kwenye rejeta tangu gari linapowashwa, na katika mwendo wa barabara kuu upepo huyapoza kupita kiasi.

Kompyuta ya injini hupima joto la maji hayo. Ikiyakuta ya baridi huamini kwamba gari limewashwa sasa hivi asubuhi, hivyo huongeza petroli. Injini yenye joto huchoma kilo moja ya petroli kwa karibu kilo 14.7 za hewa; yenye baridi hupewa petroli zaidi ya hapo, na ziada hiyo hutokea kwenye ekzosi bila kufanya kazi. Giaboksi ya otomatiki nayo huchelewa au hukataa kufunga konveta yake mpaka maji yapate joto, hivyo injini huzunguka haraka kuliko mwendo unavyohitaji. Oili hubaki nzito, na silinda hulika mapema.

Sababu ya kuitoa huwa ni gari kuchemsha. Lakini gari lililotengenezwa na thamostati na likawa halichemshi miaka kumi halianzi kuchemsha kwa sababu ya thamostati nzima. Kilichoharibika ni kingine: rejeta iliyoziba kwa kutumia maji ya bomba au ya kisima miaka yote badala ya kulanti, feni iliyolegea, pampu ya maji iliyokula mapanga yake, au mfuniko wa rejeta usioshika presha. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi; mfuniko mbovu huleta mchemko mapema kuliko ungetokea Tanga au Dar es Salaam. Thamostati yenyewe inaweza kukwama ikiwa imefunga, na hapo dawa ni kuweka nyingine. Mwenye gari aliyenunua kutoka kwa mtu aagize ichunguzwe. Mshale wa joto unaoshuka gari likikimbia na kupanda likisimama kwenye foleni ni dalili, ingawa mashine ya kusoma kompyuta ya gari hutoa jibu la uhakika zaidi.

== Sehemu nyingine zinazochakaa ==

Sensa ya oksijeni iliyo kwenye bomba la ekzosi ndiyo inayoiambia kompyuta kama petroli imezidi au imepungua. Ikizeeka hujibu polepole, na kompyuta huchagua kuzidisha. Taa ya injini kwenye dashibodi inaweza kuwaka au isiwake. Kuna mafundi wanaoiondoa taa hiyo kwa kuchomoa balbu yake, jambo ambalo ni sawa na kufunika kipimajoto cha mgonjwa.

Injini za D-4 zina tatizo lao la pekee. Kwa kuwa petroli haipiti juu ya vali za kuingizia hewa, hakuna kinachoziosha, na masizi ya oili huganda juu yake mwaka hadi mwaka. Gari hutetemeka likiwa limesimama na hukosa nguvu, na dereva hukanyaga zaidi. Kuzisafisha ni kazi ya kufungua manifoldi, si ya kumimina dawa kwenye tangi, kwa sababu dawa ya tangini haifiki kwenye vali hizo. Pampu ya presha kubwa ya mfumo huu pia haivumilii uchafu. Uchakachuaji wa petroli kwa mafuta ya taa ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 2011 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa kishawishi, na vinasaba huwekwa kwenye mafuta ili kuyatambua.

Plagi za iridiamu zinazodumu muda mrefu mara nyingi hubadilishwa kwa za bei rahisi ambazo huisha mapema. Oili ya 20W-50, ambayo wengi huiona kuwa na nguvu, ni nzito mno kwa injini iliyoandikiwa 5W-30. Breki inayogusa hugundulika kwa kusogeza kiganja karibu na ringi baada ya safari: gurudumu moja likiwa la moto kuliko mengine, gari limekuwa likivutwa nyuma njia nzima.

Chujio la hewa linatajwa kuliko linavyostahili. Kwenye magari ya kabureta, chujio chafu liliongeza ulaji wa mafuta. Kwenye magari ya nozeli, majaribio ya maabara ya Oak Ridge nchini Marekani mwaka 2009 yalionyesha kwamba chujio lililoziba hupunguza nguvu ya gari lakini halibadilishi mafuta kwa kiasi cha maana. Hata hivyo libadilishwe, kwa ajili ya kuilinda injini dhidi ya vumbi la barabara zetu za mitaani.

Upepo wa matairi una faida ndogo, lakini haina gharama. Kila PSI moja inayopungua kwenye matairi yote huongeza mafuta kwa karibu asilimia 0.2. Kiwango sahihi kiko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva.

== Uendeshaji ==

Barabara ya Shinyanga kutoka katikati ya jiji hupita Mkuyuni, Butimba na Nyegezi kabla ya kufika Mkolani. Asubuhi na jioni njia hiyo ina daladala, bodaboda na bajaji, na gari hutembea na kusimama. Saluni hizi zina uzito wa karibu tani moja na nusu, na kila inapobidi kuung'oa uzito huo kutoka sifuri petroli nyingi huchomwa, kisha nguvu yote huishia kuwa joto kwenye breki. Anayeacha nafasi mbele na kuondoa mguu mapema akiona foleni huokoa kuliko anayekimbilia kusimama.

Safari fupi ni adui mwingine. Gari linalowashwa kwenda sokoni Nyegezi na kurudi halifiki joto lake la kazi, hata likiwa na thamostati nzima. Mizunguko mitatu ya namna hiyo ikiunganishwa kuwa mmoja, lita hupungua bila kugusa spana.

Madereva wengi huweka nyutro kwenye mteremko wakiamini wanabana mafuta. Kwa gari la nozeli ni kinyume chake. Gari likishuka likiwa kwenye gia na mguu ukiwa umetolewa kwenye pedali, kompyuta hukata petroli kabisa, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Kwenye nyutro injini inabidi ichome petroli ili isizime, na dereva hupoteza msaada wa injini katika kupunguza mwendo. Desturi hii ilibaki kutoka enzi za kabureta.

Kwenye Mark II za gia nne kuna kitufe cha O/D kwenye mkono wa gia. Kikibonyezwa, taa ya "O/D OFF" huwaka na gari halipandi gia ya mwisho. Wapo wanaosafiri hadi Musoma taa ikiwaka, wakidhani ni pambo.

Katika barabara kuu, ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo: kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa huongezeka kwa zaidi ya nusu.

== Njia zisizosaidia na zenye mashaka ==

Sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta, vidonge vya tangini na vifaa vya kuzalisha hidrojeni huuzwa kwa ahadi kubwa. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limepima zaidi ya vifaa 100 vya aina hizi, na vichache tu vilionyesha faida, nayo ndogo.

Kutoa masega ya ekzosi ni jambo jingine. Masega yaliyoziba huibana injini na yanapaswa kubadilishwa, lakini mazima hayali mafuta. Yana madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu, kwa hiyo yana mnunuzi, na mwenye gari anayeshauriwa kuyatoa aulize yanakwenda wapi.

Wenye Brevis wengine huiondoa 1JZ-FSE na kuweka injini isiyo ya D-4. Hupunguza usumbufu wa pampu na nozeli, lakini ukubwa wa injini ukibaki uleule, petroli haipungui kwa kiasi kinachorudisha gharama haraka. Namba ya injini imo kwenye kadi ya gari, hivyo TRA lazima ipewe taarifa.

Gesi asilia iliyoshindiliwa hutumiwa na teksi na magari binafsi kwa bei nafuu kuliko petroli. Hadi mwaka 2024 vituo vingi vya kuijaza vilikuwa Dar es Salaam, na mtungi wake huchukua sehemu kubwa ya buti. Saluni inayozunguka kati ya Mkolani, Misungwi na Magu bado hutegemea petroli.