Joto Ambalo Kipimajoto Hakikuliona

Wanazuoni wa katikati ya karne ya 18 waliamini kwamba barafu ikishafikia kiwango cha kuyeyuka, joto kidogo tu linatosha kuigeuza maji. Joseph Black, mwalimu wa tiba na kemia katika Chuo Kikuu cha Glasgow, hakuridhika. Kama ndivyo, alihoji, mbona theluji ya milimani haiyeyuki yote kwa mara moja ikaleta gharika kila baridi inapokwisha?

Akatundika chupa mbili za kioo chembamba katika ukumbi mkubwa. Moja ilikuwa na barafu iliyoanza kuyeyuka, ya pili maji ya uzito uleule yaliyokaribia kuganda. Katika nusu saa maji yalipanda digrii 7 za Fahrenheit, yakafika 40. Barafu ilichukua saa kumi na nusu kufika hapo. Hizo ni nusu saa 21. Zidisha kwa 7, upate 147. Ondoa digrii 8 zilizopasha maji baada ya kuyeyuka, zinabaki 139. Joto lote hilo liliingia ndani ya barafu huku kipimajoto kimetulia tuli. Vipimo vya leo hutoa karibu 144. Kwa mtu mwenye chupa, saa na subira, si haba.

Black aliliita joto fiche. Yeye hakujua habari za molekuli. Sisi tunajua kwamba nishati hiyo hutumika kulegeza mshikamano wa molekuli za barafu.

Kwenye mvuke mambo ni makubwa zaidi. Kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 100 za Selsiasi kunahitaji kilojuli 420 hivi. Kuyageuza yote mvuke, 2,257 zaidi. Mvuke ukirudi kuwa maji huliachia joto hilo, ndiyo maana huunguza vibaya kuliko maji yanayochemka.

James Watt, fundi wa vyombo chuoni hapo, alikutana na jambo hilo akitengeneza kielelezo cha injini ya mvuke ya Newcomen: mvuke kidogo ulichemsha maji baridi yenye uzito mara sita ya wake. Alimwendea Black, akaelezwa sababu. Mwaka 1765 Watt alibuni chombo cha pembeni cha kupozea mvuke, ili silinda ya injini isipozwe na kupashwa upya kila mara.

Black mwenyewe hakuchapisha ugunduzi wake wa joto fiche. Mihadhara yake ilitolewa kitabuni na John Robison mwaka 1803, miaka minne baada ya kifo chake.