Risasi ya Saba

Msimamizi wangu wa tasnifu ana tabia ya kuuliza swali moja tu, kisha ananyamaza. Mwaka jana, alipomaliza kusoma sura yangu ya pili, aliuliza: "Kwa nini mitambo ya zamu ya huyu mzee haikukata nyuzi, na ya zamu nyingine ilikata?"

Ninasomea shahada ya uzamili katika historia, na tasnifu yangu inahusu mafundi wa kiwanda cha nguo kilichofungwa zamani. Mzee aliyeulizwa habari zake ndiye shahidi wangu mkuu. Nilirudi kwenye mahojiano yake, nikayasoma mara tatu. Jibu halikuwamo.

Wiki hiyohiyo nilitakiwa kuwasilisha kwenye semina kisa cha mtambo uliowahi kushindwa kazi. Nilichagua bunduki, kwa sababu moja tu: aliyeibuni naye alipitia kiwanda cha nguo. John Garand alizaliwa Quebec, Kanada, mwaka 1888. Familia yake ilihamia Connecticut, Marekani, naye akaingia kiwandani akiwa bado mtoto. Huko alijifunza vyuma. Mwaka 1919 aliajiriwa kwenye karakana ya silaha ya serikali huko Springfield, Massachusetts, akapewa kazi iliyokuwa imewashinda wengi: kutengeneza bunduki ya askari inayojipakia yenyewe.

Bunduki za wakati ule zilitaka askari avute komeo kwa mkono kila baada ya risasi moja. Ya Garand ilitumia gesi ya risasi yenyewe. Ukifyatua, sehemu ya gesi inasukuma fimbo ya chuma kurudi nyuma. Fimbo inafungua komeo, ganda tupu linaruka nje, kisha springi inarudisha komeo mbele. Likirudi, linakumba risasi inayofuata na kuiingiza kwenye mtutu. Risasi ziko nane, zimebanwa pamoja kwenye klipu ya chuma, na chini yake kuna mkono unaozisukuma juu moja baada ya nyingine. Ya nane ikishalia, klipu inaruka nje kwa mlio wake maarufu.

Haya yote yanatokea kabla hujapepesa jicho. Kwa hiyo risasi haina nafasi ya kusitasita. Ikiinuka kidogo kuliko inavyotakiwa, au ikielekeza pua pembeni, komeo linaikuta vibaya na bunduki inakwama.

Jeshi la Marekani liliipitisha bunduki hiyo Januari 1936, ikaitwa M1. Zile za majaribio zilikuwa zimeundwa na mafundi wachache wa karakana ya sampuli, nazo zilifanya kazi vizuri. Kisha zikaanza kutoka za kiwandani, zilizochongwa kwa mashine kubwa, kwa wingi. Hapo ndipo malalamiko yakaanza. Bunduki ilikuwa ikikwama, na mara nyingi ilikwama palepale: kwenye risasi ya saba.

Fikiria maana yake kwa askari. Sita zinakwenda bila shida, ya saba inakataa, na adui hawezi kuombwa asubiri.

Bunduki ikikwama, wa kwanza kulaumiwa huwa aliyeishika. Hakuipaka mafuta, aliingiza klipu vibaya, risasi zake zilikuwa chafu. Lakini uchafu hauhesabu mpaka saba. Kasoro inayorudi mahali palepale, kwa watu tofauti, inatoka kwenye chuma chenyewe.

Walipolinganisha bunduki za sampuli na za kiwandani, walikuta tofauti ndogo ndani ya mwili wa bunduki, pale risasi zinapopita kupanda juu. Kuna ukingo mwembamba wa chuma unaoziongoza. Kwenye bunduki za sampuli ukingo huo ulikuwa mzima. Wakati wa kuandaa mashine za kiwandani, mtu wa kitengo hicho aliona ncha yake imejitokeza bila sababu anayoijua, akaona ni chuma cha ziada, akapanga ikatwe. Risasi sita za mwanzo hazikujali sana. Ya saba, inapoinuka ikiwa imebaki na mwenzake mmoja tu, ndiyo iliyokihitaji kipande hicho.

Dawa ilikuwa rahisi kuliko ugonjwa. Mashine zilirekebishwa ili ukingo ubaki, na bunduki zilizokwisha kutengenezwa ziliongezewa chuma kwa kulehemu. Ila sifa haikulehemeka upesi hivyo. Mwaka 1940, vita ikiwa tayari inawaka Ulaya, ubora wa M1 ulibishaniwa mpaka kwenye Bunge la Marekani, huku wengine wakitaka bunduki ya mshindani wake, Melvin Johnson. M1 ilibaki. Kufikia miaka ya hamsini zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni tano.

Nilipokuwa nikiandaa wasilisho, nilimfikiria zaidi yule mtu wa mashine. Hakuwa mvivu. Aliona kitu kisicho na kazi, akasafisha. Kazi ya kile kipande ilikuwa kwenye vichwa na vidole vya mafundi wa sampuli, na yeye hakuwa na sababu ya kuwauliza.

Hapo nikakumbuka nilivyoyaandika mahojiano ya mzee wangu. Alikuwa akirudiarudia. Kila tukifika kwenye habari za zamu yake alitaja bati, bati, bati. Mimi nilikuwa na saa nne za sauti na tarehe ya kukabidhi kazi. Nilifuta marudio yote ili mahojiano yasomeke vizuri. Kisha nikafuta sauti, simu ipate nafasi.

Nilimpigia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Bado hujamaliza shule?"

Nikamuuliza kuhusu nyuzi. Akacheka. "Si nilikwambia? Bati! Nilikwambia mpaka nikachoka."

Sakafu ya kiwanda ilikuwa imedidimia upande mmoja. Mitambo ikawa inayumba, nyuzi zinakatika. Yeye alikuwa akikunja kipande cha bati na kukisokomeza chini ya mguu wa mtambo kila Jumatatu, kabla ya kuwasha. Zamu nyingine walipofagia, waliona ni takataka, wakatupa.

"Na nani alikufundisha, babu?"

Kimya. "Nilikutajia jina lake siku ile?"

"Nafikiri ulinitajia."

"Basi angalia kwenye kumbukumbu zako. Mimi sasa limenitoka."

Sikuwa na pa kuangalia. Nilimwambia ukweli, akasema si kitu, watu husahau. Sura ya pili sasa ina maelezo ya bati, na msimamizi ameridhika. Mahali pa jina la yule fundi wa kwanza nimeandika kwamba mtafiti alilifuta.