Nani anairudisha? Historia ya kivinjari kisichosikia amri

Tangu majirani wajue kwamba kazi yangu ni kuandika programu, kuna swali moja lisiloisha: "Mbona nikibadilisha ukurasa wa mwanzo kwenye kivinjari, nikikifunga na kukifungua tena nakuta umerudi ule ule?" Leo sitatoa dawa ya haraka haraka tu. Nataka tupitie historia yake, maana ukiijua utajua pia pa kumtafuta mchawi.

Kwanza tukubaliane jambo moja. Mpangilio haujibadilishi. Ni maandishi tu yaliyohifadhiwa kwenye diski. Ukikuta yamebadilika, basi kuna programu iliyoyaandika upya, na mara nyingi programu hiyo bado ingali hai ndani ya mashine. Ndiyo maana kubadilisha mpangilio mara kumi hakusaidii kitu: wewe unaandika mara moja, mwenzio anaandika kila kompyuta inapowaka.

Katika Internet Explorer ya Microsoft, ukurasa wa mwanzo ulikaa kwenye rejista ya Windows, katika mstari ulioitwa Start Page. Mstari huo haukuwa na mlinzi. Programu yoyote uliyoiendesha iliweza kuandika hapo bila kukuuliza. Halafu mwaka 1997, katika toleo la 4, Microsoft wakaongeza mlango mwingine: vijiprogramu vya kusaidia kivinjari, vilivyojulikana kwa kifupi kama BHO. Kilichojiandikisha kilipakiwa kila kivinjari kilipofunguliwa, kikawa na uwezo wa kuona kila ukurasa unaoutembelea. Nia ilikuwa njema, wasanidi wengine waongeze vitu vyenye manufaa. Lakini kwa miaka mingi mtumiaji hakupewa hata orodha ya kuonyesha ni vingapi vimeingia.

Waliouona mlango huo vizuri zaidi ni wale wa CoolWebSearch, mwaka 2003. Hiki hakikuwa kirusi kimoja bali ukoo mzima wa programu, kila wiki kunazaliwa mtoto mpya. Ulikuwa ukiingia kupitia kurasa za wavuti zilizotumia matundu ya usalama, lile la Java ya Microsoft likiwa mojawapo. Baadhi ya watoto wake walibadilisha ukurasa wa mwanzo na wa utafutaji. Wengine waliandika kwenye faili la hosts, yaani ile daftari ndogo ambayo kompyuta huitazama kabla ya kuuliza anwani kwenye mtandao, kwa hiyo uliandika jina la tovuti sahihi ukapelekwa kwingine. Mmoja aliitwa Smartkiller, na kazi yake ilikuwa kufunga madirisha ya programu za usafishaji ulizojaribu kuzifungua. Fikiria umeita fundi, mwizi anamfungia geti!

Aliyewakabili kwa nguvu alikuwa mwanafunzi wa Uholanzi, Merijn Bellekom. Aliandika CWShredder kwa ajili ya ukoo huo, pamoja na HijackThis, ambayo mimi huihesabu miongoni mwa programu zenye busara zaidi za enzi ile. HijackThis haikujifanya inajua nani mbaya. Ilipita tu mahali pote ambapo kivinjari kingeweza kushikwa, ikakupa orodha: R0 na R1 ni kurasa za mwanzo na za utafutaji, O1 ni faili la hosts, O2 ni BHO, O4 ni programu zinazowaka pamoja na Windows. Uamuzi ulikuwa wako. Na ukifuta kitu bila kukielewa, ole wako.

Sasa, kwa nini mtu ajisumbue hivyo kwa ajili ya ukurasa wa mwanzo? Pesa. Kila utafutaji na kila bofyo la tangazo lilikuwa na malipo. Mwezi Oktoba 2004 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilimshtaki Sanford Wallace na kampuni yake ya Seismic Entertainment. Mashtaka yalisema waliteka kompyuta za watu, wakabadilisha kurasa za mwanzo, wakamwaga matangazo, kisha wakawauzia watu hao hao dawa ya kuziponya kwa takriban dola 30. Mwaka 2006 mahakama iliamuru warudishe zaidi ya dola milioni 4.

Huku kwetu tuliokuwa tukilipa shilingi kwa dakika kwenye saiba tulizijua hasara hizi kwa mfuko, maana dakika za kufunga madirisha ya matangazo zilihesabiwa kama dakika nyingine zozote. Wenye saiba wengi walijibu kwa Deep Freeze, programu inayorudisha diski nzima katika hali ya awali kila kompyuta inapowashwa upya. Ajabu ni kwamba nayo inafuta mabadiliko yako yote. Tofauti ni kwamba huyu amewekwa na mwenye mashine.

Agosti 2004 Windows XP ilipata SP2, na hatimaye orodha ya viongezi ikaonekana. Novemba mwaka huo Firefox 1.0 ikatoka. Watekaji wakabadili mbinu: badala ya kuvunja mlango, wakaingia na mgeni. Unasakinisha programu ya bure, kuna kisanduku kimeshatiwa tiki, unabofya "endelea", na tayari una upau wa zana na injini ya utafutaji usiyoijua.

Google walijibu kwenye Chrome mwaka 2013 kwa kitufe cha kurudisha mipangilio ya awali. Pia kwenye Windows, Chrome ilianza kuweka muhuri wa kihesabu kwenye mipangilio muhimu. Muhuri usipolingana, mpangilio unarudishwa wa awali. Kwa hiyo leo mlinzi mwenyewe anaweza kuwa ndiye anayerudisha!

Na si walinzi wote wanaoaminika. Windows 10 ilipotoka Julai 2015, Chris Beard wa Mozilla alimwandikia wazi Satya Nadella akilalamika kwamba usasishaji unapindua kivinjari alichochagua mtu. Mstari ule bado ni mali. Kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google ilifichua kwamba mwaka 2021 Google ililipa dola bilioni 26.3 ili iwe chaguo la awali kwenye vivinjari na simu.

Basi ukipatwa leo, mtafute mwandishi kabla ya kugusa mpangilio. Katika Chrome andika chrome://policy kwenye sehemu ya anwani. Kama kompyuta ni yako binafsi na kuna sera usizoziweka, huyo ndiye. Angalia viendelezi. Bofya kulia ikoni ya kivinjari, tazama sifa zake, maana kuna wanaobandika anwani yao mwishoni mwa njia ya programu. Pitia kazi zilizopangwa za Windows. Kwenye Firefox tafuta faili liitwalo user.js ndani ya folda ya wasifu wako, kwani husomwa kila kivinjari kinapowaka na kuandika juu ya ulichochagua. Na kabla ya kufuta kiendelezi kibaya, zima usawazishaji wa akaunti, la sivyo kinaweza kurudi kutoka kwenye kompyuta yako nyingine.